Shangazi, chuo kiko tayari kunihesabia uaskari wangu kama masomo. Nikubali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeshavuka arobaini, na ni sajenti katika ofisi ya sherifu huku Texas, Marekani. Nilikuja huku nikiwa binti, nikafanya usafi hospitalini, nikalinda maghala, mpaka nilipopata nafasi ya kuingia mafunzo ya uaskari. Leo ni mkubwa wa zamu ya usiku. Kazi naijua na vijana ninaowaongoza wananiheshimu. Kitu ambacho sina ni shahada.

Zamani haikuwa shida. Mwaka huu wametangaza kwamba anayetaka uluteni sharti awe na shahada ya kwanza, ya fani yoyote ile. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwenye chuo kinachofundisha kwa mtandao. Nikawatumia vyeti vyangu vyote: mafunzo ya kuruta, uchunguzi wa ajali za barabarani, usimamizi, ukufunzi wa askari wapya, na ile kozi ya kuwahudumia watu wenye matatizo ya akili. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Shahada yao ya haki jinai ina krediti 120 (ndivyo huku wanavyohesabu kiasi cha masomo), na wako tayari kunihesabia mpaka 45 kwa mafunzo na uzoefu wangu. Kati ya hizo, 30 zinatokana na vyeti. Nyingine 15 nitazipata nikiandaa jalada la kueleza nilichojifunza kazini, likasomwa na wahadhiri wao.

Mume wangu aliposikia alishangilia. "Hizo krediti umeshazilipia kwa kukesha," akaniambia, "unangoja nini?" Lakini dada yangu, ambaye ni mwalimu nyumbani, nilipompigia simu alicheka: "Kwa hiyo huko digrii mnapewa kwa kuvaa magwanda?" Nilicheka naye, ila neno lile limenikaa moyoni.

Shangazi, kuna jambo jingine ambalo hata mume wangu sijamwambia lote. Ukiniuliza ninachopenda kusoma, si haki jinai. Ni ustawi wa jamii. Simu nyingi tunazopokea usiku si za wezi. Ni za mzee aliyepotea njia ya kwake, kijana anayesikia sauti, mama aliyepigwa na hataki mumewe akamatwe kwa sababu hajui watoto watakula nini. Mimi hufika, hutuliza, huandika ripoti, huondoka. Natamani kuwa mtu anayebaki baada ya gari la polisi kuondoka.

Basi nikaenda chuo kikuu cha umma kuulizia shahada ya ustawi wa jamii. Mshauri wa wanafunzi, binti mpole kabisa, akaniambia kwamba kwa masomo yao hakuna krediti inayotolewa kwa uzoefu wa kazi. Hata moja. Nilitoka pale nimefura. Mimi niliyekaa sakafuni na watu waliofiwa, niende nikafundishwe utangulizi wa kusaidia watu, katikati ya vijana wa rika la mwanangu?

Na hilo jalada la chuo cha mtandaoni nalo limenishinda. Walisema nichague tukio lililonifunza. Nikachagua tukio moja lililomhusu mtoto. Niliandika, nikafika mahali nikafunga kompyuta, na sijaifungua tena kwa kazi hiyo.

Nishauri. Nichukue njia fupi nipate uluteni, au nianze upya kwenye ninachokipenda nikiwa na umri huu? Na je, ni halali kweli kupewa masomo ambayo sikuyasoma?

Sajenti wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako inauliza swali moja, ila ndani yake nimeyaona matatu. La kwanza ni la uhalali: je, hizi krediti ni haki yangu au ni ujanja? La pili ni la njia: haki jinai au ustawi wa jamii? La tatu hukuliuliza waziwazi, nalo ni la huyo mtoto uliyeshindwa kumwandika.

Nianze na kicheko cha dada yako, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi wa mchana. Usimkasirikie sana. Shaka yake haikuanza kwake, na huko Marekani ina historia ndefu. Mwaka 1967 tume ya rais ilipendekeza kwamba lengo la mwisho liwe kila askari kuwa na shahada ya kwanza. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaanza kuwapa askari fedha za masomo, na vyuo vikafungua milango kwa pupa. Kufikia 1978, tume nyingine iliyochunguza ubora wa elimu ya polisi ilisema vyuo visitoe krediti kabisa kwa mafunzo yanayoendeshwa na idara za polisi zenyewe. Waliona chuo kinachogeuka tawi la kambi ya kuruta hakimpi askari kile alichokifuata. Kwa hiyo mabishano haya ni ya wasomi kabla hayajawa ya dada yako.

Lakini upande wa pili nao una hoja nzito. Tangu 1974 liko shirika liitwalo CAEL linaloshughulikia jinsi ya kupima elimu ambayo watu wazima wameipata nje ya darasa. Msingi wake ni kwamba krediti hutolewa kwa kujifunza, haitolewi kwa uzoefu. Soma tena hapo, mwanangu, kwa sababu mumeo na dada yako wote wawili wameliruka. Mumeo anasema umeshalipa kwa kukesha. Kukesha hakuhesabiwi. Askari anaweza kukesha miaka ishirini akarudia mwaka wake wa kwanza mara ishirini. Dada yako naye anadhani unapewa kwa sababu ya magwanda, na magwanda nayo hayahesabiwi. Kinachopimwa ni kama unajua, unaweza kueleza kwa nini, na kama ujuzi huo unafanana na ule ambao mwanafunzi wa somo fulani angetoka nao. Ukiweza kulionyesha hilo, hakuna ulichoiba. Usipoweza, chuo kikikupa hivyo hivyo, hapo dada yako atakuwa na neno.

Ndiyo maana nimesita kidogo niliposoma kwamba jibu lao lilikuja upesi. Sisemi ni chuo hewa. Wamekuomba jalada na wanasema wahadhiri watalisoma, na hiyo ni dalili njema, kwani vyuo hewa huwa havijisumbui kusoma chochote. Ila krediti moja kwa kawaida ni kama saa 15 za darasani katika muhula, na kila saa moja ya darasa hutarajiwa saa mbili za kujisomea. Sasa chukua ile kozi yako ya kuwahudumia watu wenye matatizo ya akili. Mpango huo ulianzia mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, mwaka 1988, na kawaida ni saa 40. Kwa hesabu ya saa tupu, za darasa na za kujisomea pamoja, ambazo ni 45 kwa krediti, haifiki hata krediti moja kamili. Kwa hesabu ya ulichojifunza na kukitumia kila usiku, inaweza kuzidi. Kwa hiyo waulize, cheti kwa cheti, kila kimoja kimehesabiwa kuwa krediti ngapi, kwa kigezo gani, na kimewekwa mahali pa somo lipi. Baraza la Elimu la Marekani, ACE, hukagua mafunzo ya jeshi na ya waajiri wengine na kutoa mapendekezo ya krediti, na vyuo vingi huyafuata. Ila yabaki kuwa mapendekezo. Chuo ndicho kinachoamua, na chuo kingine kinaweza kuamua vingine.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo sikuiona ikitajwa kwenye barua yako. Krediti 45 ndani ya chuo kile ni 45. Ukihama, zinaweza kuwa 12, zinaweza kuwa sifuri, kwa sababu chuo cha pili hakilazimiki kukubali tathmini ya cha kwanza. Tena krediti haziko sawa hata ndani ya chuo kimoja. Kuna zinazoingia kwenye masomo ya lazima ya fani yako, na kuna zinazotupwa kwenye kapu la masomo ya hiari, na kapu hilo likijaa, zinazobaki hazikusogezi popote. Nimewahi kuandikiwa na watu waliojivunia krediti nyingi, kumbe nusu hazikuwa na pa kukaa. Omba wakuwekee kwa maandishi, na muulize msajili, usimuulize anayeandikisha wanafunzi wapya. Huyo kazi yake ni kukuandikisha.

Kuhusu ithibati, uliza chuo kimethibitishwa na nani. Chombo kinachotoa ithibati kwa vyuo vingi vya majimbo ya kusini, Texas ikiwemo, huitwa SACSCOC. Kinataka angalau robo ya krediti za shahada ya kwanza itokane na ufundishaji wa chuo chenyewe kinachoitoa. Kwa shahada ya krediti 120 hiyo ni 30. Chuo chochote kikikuambia njoo na vyeti vyako tutakupa shahada nzima, kimbia.

Na kuna swali dogo ambalo huenda likakufaa kuliko yote: mafunzo yako ya kuruta uliyafanyia wapi? Texas akademi nyingi za polisi huendeshwa na vyuo vya jamii. Kama yako ilikuwa hivyo, yawezekana tangu wakati ule krediti zimelala kwenye kumbukumbu za chuo kwa jina lako, na hujawahi kuomba transkripti, yaani hati ya masomo na matokeo yako. Hizo ni krediti za chuo kama za mtu mwingine yeyote aliyesoma pale, si za kuombea tathmini, na mara nyingi huhamishika kwa urahisi zaidi. Pia iko mitihani. Ile ya CLEP na DSST humruhusu mtu kulipia mtihani mmoja, akifaulu anapata krediti za somo lile bila kulisoma, na DSST wana mtihani wa haki jinai kabisa. Kama kinachokuuma ni kuonekana umependelewa, mtihani hauna huruma na mtu. Umeupita au hukuupita.

Tuje kwenye ustawi wa jamii, ambako ulitoka umefura. Nakuelewa. Ila yule binti mpole hakukudharau, na nadhani wala hakuwa na uhuru wa kukujibu vingine. Baraza linalotoa ithibati kwa masomo ya ustawi wa jamii Marekani nzima, CSWE, linakataza programu zake kutoa krediti za masomo ya ustawi wa jamii kwa uzoefu wa maisha au wa kazi. Kwa yeyote yule. Muuguzi mwenye miaka thelathini kazini angepewa jibu hilo hilo. Lakini sikiliza vizuri katazo lenyewe: ni kwa masomo ya ustawi wa jamii. Shahada ina masomo mengine mengi, ya uandishi, takwimu, siasa, saikolojia, na ya hiari. Huko krediti zako za akademi au za mitihani zinaweza kuingia chuo kikikubali. Je, ulimuuliza hilo, au ulishasimama kuondoka?

Nikuulize jambo lingine, taratibu. Unasema unajua kukaa sakafuni na mfiwa, na nakuamini. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba hufika, hutuliza, huandika ripoti, huondoka. Kinachofuata baada ya hapo, kwa wiki na miezi, hujawahi kukifanya. Inawezekana lile somo la utangulizi lina mambo ambayo doria haikuwa na nafasi ya kukufundisha. Na inawezekana lina mengi unayoyajua, ukakaa pale unapiga miayo. Sijui, na nadhani wewe pia hujui bado. Vyuo vingi humruhusu mtu kusoma somo moja bila kujisajili kwa shahada. Muhula mmoja wa jioni ungekuambia zaidi ya mimi.

Katika barua yako umeziweka njia mbili, fupi na ndefu. Mimi naona zaidi ya hizo. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote, hata haki jinai, anaweza kuomba shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Kwa hiyo zile 45 zinaweza kukufikisha kwenye uluteni sasa, na mlango wa ustawi wa jamii ukabaki wazi kwa baadaye. Njia hii nayo ina gharama zake. Kwa shahada ya haki jinai pekee hutapata leseni ya kwanza ya ustawi wa jamii huko Texas, maana hutolewa kwa aliyesoma fani hiyo. Ungesubiri mpaka uzamili. Uzamili una mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900, wakati shahada ya kwanza ni saa 400. Aliyeanza na shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii mara nyingi hupunguziwa muda akifika uzamili, na wewe hungepunguziwa. Kwa hiyo muda uliouokoa mwanzoni unaweza kuulipa mwishoni. Au usiulipe kabisa, kama ukifika uluteni utagundua kwamba pale juu ndipo panapoamuliwa nani atumwe kwa yule kijana anayesikia sauti, na kwamba ulichotaka kinaweza kufanywa ukiwa hapo. Hilo nalo sitaki kukuamulia.

Saa 400 au 900 za vitendo, kwa mtu wa zamu ya usiku mwenye watoto, si mzaha. Taasisi nyingi hupokea wanafunzi mchana, siku za kazi. CSWE inaruhusu mafunzo hayo yafanyike mahali pa ajira yako kwa masharti fulani, kwa hiyo kama ofisi yenu ina kitengo kinachotoka na wataalamu wa afya ya akili, uliza kama hapo panafaa.

Sasa huyo mtoto.

Mwanangu, jalada halikudai umwandike yeye. Chuo kinataka kuona ulichojifunza, na umejifunza katika mambo mia. Umewafundisha kuruta: andika jinsi unavyomjua kijana atakayeweza kazi na asiyeweza, na unavyomrekebisha bila kumvunja. Umesimama mahakamani ukahojiwa na mawakili: andika ulivyojifunza kuandaa ripoti inayostahimili maswali. Mara nyingi kazi za namna hii ndizo humpa msomaji wa jalada cha kupima, kwa kuwa ujuzi wake unaonekana waziwazi. Tena kuna suala la siri. Hata ukilificha jina, tukio la mtoto linatambulika, huenda kesi bado iko hai, na familia yake haikukubali kuwa krediti tatu za mtu mwingine. Kabla hujaandika tukio lolote, jua taratibu za ofisi yenu zinasemaje kuhusu kutoa habari za kazi nje.

Lakini nadhani hukuacha kuandika kwa sababu ya taratibu. Ulifika mahali ambapo ripoti haikufikishi, ukajikuta peke yako hapo. Hilo halihusiani na chuo. Ofisi nyingi zina askari wenzenu waliofunzwa kusikiliza, au mshauri nasaha wa nje ambaye mkubwa wako hapati taarifa zake. Ningefurahi ukamwendea mmoja wao, shahada au hakuna shahada. Na ningependa ujiulize kama hamu yako ya ustawi wa jamii, au sehemu yake, inatoka kwa mtoto huyo. Ikiwa ndivyo, si kasoro. Wengi wazuri katika kazi ile wameingia kwa mlango huo. Ila anayeingia huku jeraha likiwa bichi hukutana nalo tena kila juma.

Mumeo umemwambia nusu. Ameshangilia njia fupi kwa sababu ndiyo pekee aliyoonyeshwa. Huenda atabisha ukimwambia nusu ya pili, hasa habari ya mshahara, maana wafanyakazi wa ustawi wa jamii hawafahamiki kwa utajiri. Huenda pia akakushangaza. Ukienda kwake, nenda na hesabu mkononi: ada, miaka, na nani atakuwa na watoto jioni.

Katika hesabu hiyo weka hili. Waajiri wengi huko hurudisha ada ya mfanyakazi anayesoma, na sheria ya kodi inaruhusu mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi ya mapato. Lakini fedha hizo mara nyingi huja na mkataba: usome, kisha ubaki kazini kwa muda fulani, la sivyo urudishe. Kwa anayetaka uluteni, mkataba huo haumsumbui. Kwa anayefikiria kuvua magwanda baada ya miaka michache, ni deni. Omba kuusoma wote kabla hujasaini, uangalie muda unaanza kuhesabiwa lini: ni tangu muhula wa mwisho waliokulipia, au tangu siku ya kupata shahada.

Shangazi